iPhone X haikuanguka sokoni

Kaka, unasema iPhone X ilifeli kwa sababu robo ya mwisho ya 2017 Apple iliuza simu milioni 77.3, ilhali wachambuzi walitarajia karibu milioni 80. Hizo milioni 77.3 ni iPhone zote kwa jumla, si X peke yake. Halafu X iliingia madukani tarehe 3 Novemba, Oktoba nzima ikapita bila hiyo. Na robo kama hiyo mwaka uliotangulia ilikuwa na wiki 14, hii ilikuwa na 13!

Angalia pesa. Wastani wa bei kwa simu ulipanda kutoka dola 695 hadi 796, na mapato ya iPhone yakafika dola bilioni 61.6, juu kwa asilimia 13. Simu ya dola 999, zaidi ya laki moja kwa shilingi zetu za Kenya wakati huo (hapo Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya simu Nairobi, laki inakupa simu kadhaa nzuri tu), na bado watu walinunua.

Nakubaliana nawe jambo moja: makadirio ya Apple yenyewe ya mapato yake yote kwa robo iliyofuata, dola bilioni 60 hadi 62, yalikuwa chini ya matarajio ya wachambuzi. Hapo soko lilikuwa na haki ya kuingiwa na wasiwasi.