Umepata kazi, na matibabu bado hayajaisha

Barua ya ajira ikija ukiwa bado kwenye matibabu, wengi huona kwamba kimoja lazima kisubiri. Na kwa kuwa kazi ndiyo yenye tarehe iliyoandikwa na mhuri juu yake, kinachoambiwa kisubiri ni matibabu. "Nikithibitishwa kazini ndipo nitakwenda," ndivyo tunavyojiambia. Nimewahi kuanza kazi nikiwa na kliniki ya kila wiki, na baadaye nimesimamia vijana walioingia kazini wakiwa kwenye dawa, kwenye mazoezi ya viungo, au wakisubiri upasuaji. Ninalotaka kuwaambia mnaoanza ni hili: mwajiri anahitaji kujua ratiba yako, si ugonjwa wako. Ukiyatenganisha hayo mawili, mengi yanapangika.

Ila huwezi kumpa mtu ratiba usiyoijua mwenyewe. Kwa hiyo safari ya kwanza ni kwa daktari, kabla ya kwa bosi. Wagonjwa wengi hutoka kliniki na kitu kimoja tu, tarehe ya kurudi. Wewe mweleze daktari kwamba unaanza kazi, na ni kazi ya aina gani, kisha muulize: kipi hapa hakisogei hata siku moja, na kipi kinaweza kusogea, kwa muda gani? Dawa ipi italeta usingizi? Siku zipi nitakuwa dhaifu? Kuna miadi ya asubuhi na mapema?

Majibu hutofautiana sana. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huenda mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa hapo kama saa 4. Hilo huwezi kulisukuma wiki ijayo kwa sababu kuna semina. Mionzi ya saratani mara nyingi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa. Mionzi yenyewe ni dakika chache, kinachokula muda ni njia na foleni, lakini kuruka siku kunazipa seli za saratani nafasi ya kuongezeka tena. Dawa za saratani za kuwekewa kwa dripu huja kwa mizunguko, mingi ikiwa ya wiki 2 au 3. Hapa watu hukosea hesabu. Wanaomba ruhusa ya siku ya dripu peke yake, wakati chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, mara nyingi hushuka zaidi wiki ya pili, na hapo ndipo homa ndogo inaweza kukulaza wodini. Anayeomba siku ya dripu tu ameomba nusu ya anachohitaji.

Kifua kikuu cha kawaida, kisicho sugu kwa dawa, kwa wengi hutibiwa kwa miezi 6. Hatari yake ni pale katikati: kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, kazi imepamba moto, na mtu anaona vidonge vinamchelewesha tu. Akiviacha, vimelea vilivyobaki vinaweza kujenga usugu, na kutibu kifua kikuu sugu ni kazi nzito kuliko ile aliyoikimbia.

Kwa upande mwingine, yapo yanayosogea. Uchunguzi wa kawaida wa mtu ambaye hali yake imetulia, miwani mipya, hata baadhi ya upasuaji wa kupangwa, daktari anaweza kukubali uvuke wiki zako za mwanzo. Anayeamua hilo awe yeye, asiwe hofu yako ya bosi mpya.

Ukishaijua ratiba, itumie kabla hujasaini. Muda kati ya kupewa ofa na kutia saini ni mfupi, lakini ndio wakati una nguvu kubwa kuliko utakazokuwa nazo kwa miezi mingi ijayo, maana wameshakuchagua na hawataki kuanza usaili upya. Tarehe ya kuanza kazi hujadilika mara nyingi kuliko wageni wanavyodhani. Kama kuna upasuaji unaohitaji wiki 3 za kupona, omba uanze baada yake. Nikiwa msimamizi, mtu aliyeomba kuanza wiki 3 baadaye nilikuwa nimeshasahau kufikia mwezi wa pili. Aliyeanza Jumatatu akatoweka Jumatatu iliyofuata, kila mtu alimkumbuka.

Soma mkataba ukitafuta mambo matatu: kipindi cha majaribio ni cha muda gani, likizo ya ugonjwa inaanza kuhesabiwa lini, na bima ya afya inaanza siku ipi. Ziko bima zenye muda wa kungoja kabla ya kulipia ugonjwa uliokuja nao. Usiiache ya zamani mpaka mpya iwe imeanza kweli, na chukua dawa za kutosha kabla ya muda huo wa kungoja.

Kuhusu sheria, ziulize za nchi yako, lakini jua msingi wake. Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema katika Ibara ya 6 kwamba kukosekana kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Vizuri. Sasa rudi Ibara ya 2 ya mkataba huohuo: nchi inaruhusiwa kuwaacha nje ya ulinzi huo walio kwenye kipindi cha majaribio. Na nchi nyingi hazijauridhia kabisa. Ndiyo maana napenda makubaliano ya mapema yaliyoandikwa kuliko haki ya kudai baadaye. Ugonjwa wa muda mrefu unaweza pia kukuingiza kwenye ulinzi wa watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 unataja wajibu wa kufanya marekebisho yanayofaa kazini, na kubadilishiwa saa kunaweza kuwa mojawapo. Chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi watakueleza sheria yenu inasemaje.

Basi bosi aambiwe nini? Maneno machache yenye saa ndani yake. Kwa mfano: "Nina matibabu yaliyopangwa na daktari. Kila Jumanne nitaingia saa 5 asubuhi badala ya saa 2, mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Saa hizo nitazifidia Jumatano na Alhamisi jioni." Kisha mwandikie hayohayo siku hiyo. Umetaja lini, mpaka lini, na utafidiaje. Hujataja kiungo chochote cha mwili. Akikuuliza unaumwa nini, unaweza kumjibu kwa adabu kwamba daktari anasimamia na kazi haitaathirika zaidi ya saa hizo. Cheti nacho omba kiandikwe hivyohivyo: tarehe, na kama unaweza kufanya kazi. Madaktari wengi hukubali ukiwaomba waache jina la ugonjwa.

Utasikia methali ya mficha maradhi, mauti humuumbua. Mbele ya daktari ni kweli tupu, usimfiche kitu, hata mitishamba unayokunywa. Mbele ya ofisi nzima, sioni kwa nini. Kila sehemu ya kazi ina shangazi wa kujitolea ambaye ndani ya wiki moja atataka kujua kwa nini huonekani Jumanne. Ni mwema, na habari zake husafiri. "Nina miadi, shangazi" inatosha, na ukiisema kila mara kwa uso uleule atachoka.

Kuna wakati kunyamaza hakufai. Ukiendesha gari au mashine, ukipanda juu, ukiwa na kifafa, au ukiwa na ugonjwa unaoweza kuwaambukiza wenzako, usalama unatangulia na anayehusika lazima ajue. Anayejidunga insulini namshauri amweleze angalau mwenzake mmoja dalili za sukari kushuka na ampe cha kufanya. Na fomu ya afya ikiuliza swali halali moja kwa moja, usidanganye. Mara nyingi kinachomfukuzisha mtu baadaye ni ule uongo, wala si ugonjwa. Virusi vya Ukimwi ni suala la peke yake: Pendekezo Namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema wafanyakazi na waomba kazi wasilazimishwe kupimwa wala kutakiwa kueleza hali zao.

Ukishaanza, adui mkubwa ni kujithibitisha. Mgeni anayetoka kliniki Jumanne hujiona ana deni, basi hukaa mpaka usiku Jumatano, Alhamisi, na Jumamosi anakuja bila kuitwa. Wiki ya nne yuko kitandani. Fidia saa ulizosema utafidia, basi. Kinachotuliza roho ya msimamizi ni kujua kazi ilipofikia: jioni ya kabla ya kliniki, mwachie mistari mitatu, nini kimekwisha, nini kinasubiri nani, nini kitaendelea ukirudi. Mafunzo ya wageni yakiangukia siku yako, omba kundi lingine mapema.

Dawa ikikulaza mezani, usiiruke wala usipunguze kipimo kimyakimya. Mpigie daktari, nyingine zinaweza kuhamishiwa usiku, na nyingine, kama prednisoloni inayofukuza usingizi, hufaa asubuhi. Dawa za siku moja zaidi zikae kwenye begi lako, kwa ajili ya siku zinazorefuka. Insulini inayotumika sasa, aina nyingi hukaa nje ya friji kama wiki 4 pasipo na joto kali, kwa hiyo si lazima uiweke kwenye friji ya wote kando ya chakula cha watu.

Bosi akikataa? Pendekeza njia ya pili, kama kufanya kazi ya ofisi ukiwa nyumbani saa hizo au likizo isiyo na malipo, na umwombe ajibu kwa maandishi. Kama jibu bado ni hapana na matibabu yako ni ya aina isiyosogea, ni bora ulijue hilo kabla hujaacha kazi ya zamani. Kusema kweli, wengi hawakatai. Kinachowaudhi ni kushtukizwa.

Ratiba hubadilika pia. Daktari akiongeza mzunguko, mjulishe msimamizi siku hiyohiyo, usingoje Jumanne ifike. Kipindi cha majaribio kikifika katikati, muulize waziwazi utendaji wako anauonaje, na hakikisha saa mlizokubaliana hazikuandikwa kama utoro. Na siku kliniki ikikwisha, mwandikie kwamba kuanzia wiki ijayo Jumanne unaingia saa 2 kama wengine.