Menyu ikipotea, fungua msimbo wa ukurasa kabla ya kuilaumu seva

Juzi usiku dada mmoja anayejifunza kutengeneza tovuti aliniandikia: "Kaka, menyu yangu haitokei. Siku ya pili leo, seva inanitesa." Ujumbe ule ulinirudisha kwenye wiki niliyopoteza mteja wangu mkubwa wa kwanza, kwa tatizo hilohilo la SSI (Server Side Includes, yaani amri ndani ya ukurasa zinazoiambia seva ichomeke faili jingine hapo). Namjibu hapa ili na wengine wanaohangaika nalo wapate.

Ilikuwa tovuti ya shule ya sekondari, kurasa 63, zote za mkono wangu. Menyu ilikaa kwenye faili moja, anwani na simu za shule kwenye faili jingine, na kila ukurasa uliyaita hayo mawili. Namba ya simu ikibadilika, nagusa faili moja na kurasa zote zinafuata. Kazi ile najivunia mpaka leo.

Shule ikaamua kuhamia kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti, yenye bei nafuu. Nikashusha mafaili kwenye laptop yangu ya Windows, nikayapandisha kwenye seva mpya, nikafungua ukurasa wa mwanzo. Uko safi. Kumbe kivinjari kilikuwa kinanionyesha nakala ya zamani kiliyoihifadhi. Nikalala.

Asubuhi mwalimu mkuu akapiga. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Kijana wangu, mbona tovuti haina kichwa wala miguu?" Na kweli. Juu menyu hakuna, chini namba za simu hakuna, na ilikuwa wiki ambayo wazazi wanatafuta nafasi za kidato cha kwanza.

Nikailaumu seva. Niliwaandikia wale wa kampuni mara tatu, kila barua kali kuliko iliyotangulia, nao wakajibu kwamba upande wao uko sawa. Huku nyuma napapasa kila kitu: kurasa kumi nikazibadilisha amri, narudisha hiki, nafuta kile. Siku ya tatu shule ikampa kazi mtu mwingine. Iliniuma, na bado inauma.

Nilikuja kulijua tatizo kazi ikiwa imeshaondoka mikononi mwangu. Nilifungua akaunti yangu mwenyewe kwenye kampuni ileile, nikaweka nakala ya tovuti, kwa sababu usingizi ulikataa. Nikabonyeza Ctrl+U kuona msimbo wa ukurasa kama seva ilivyoutuma. Mstari wangu ulikuwa pale, mzima kama nilivyouandika:

<!--#include virtual="/vipande/menyu.html" -->

Seva ikiusoma mstari huu, inauondoa na kuweka menyu mahali pake. Ukiuona mzima, ujue seva haijaugusa. Seva ya zamani, iliyotumia programu ya Apache, ilikuwa imewashiwa XBitHack, mpangilio unaosoma amri za SSI ndani ya faili la .html lenye ruhusa ya kuendeshwa. Mafaili yangu yalipopitia Windows ruhusa hiyo ikapotea, na seva mpya haikuwa na XBitHack kabisa. Dawa ilikuwa mistari miwili kwenye .htaccess, faili la mipangilio ya Apache linalokaa ndani ya folda ya tovuti:

Options +Includes
AddOutputFilter INCLUDES .html

Menyu ikarudi. Siku mbili za matusi, mistari miwili. (Kama AllowOverride, mpangilio wa kuruhusu .htaccess, kwenye seva yako ni None, .htaccess haisomwi kabisa, hapo waombe wenye seva. Na kama ni nginx, programu nyingine ya seva, .htaccess haina kazi, inatakiwa ssi on; kwenye mipangilio yake.)

Lakini zile kurasa kumi nilizozipapasa zikaleta maneno haya: [an error occurred while processing this directive]. Msiyaogope. Yanamaanisha seva imeisoma amri, imeshindwa kuitekeleza. Logi ya makosa ikanitajia faili na ukurasa: mahali pa virtual niliandika file="../vipande/chini.html", na file haikubali ../ wala njia inayoanza na mkwaju (/). Nikarudisha virtual, yakaisha.

Ndugu zangu, tunaotaka kuishi kwa kazi hii tuache kupapasa. Angalia msimbo, soma logi, badilisha kitu kimoja, pakia upya. Mteja hajui SSI ni nini. Anachojua ni kwamba simu ya ofisi yake haionekani. Na usimtukane mtu wa kampuni kabla hujaangalia msimbo. Angalia msimbo, nasema tena.

Dada yangu nilimuuliza kwanza kama anafungua ukurasa kwa kubofya faili kwenye laptop, maana hapo hakuna seva ya kusoma chochote. Akasema hapana, uko hewani, na kurasa nyingine zinaleta menyu. Nikamwomba anitumie mstari wenyewe. Alikuwa ameandika <!-- #include, na nafasi kabla ya alama ya reli, kwa hiyo kwa Apache ule ulikuwa maelezo tu ya kupita. Akaifuta ile nafasi, akapakia upya, akanitumia picha ya menyu yake.