Soma kioo kabla hujagusa seva

Juzi usiku kijana mmoja wa Musoma kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimefunga kompyuta 16 zisizo na diski kwenye shule ya huku. Asubuhi zinawaka, mchana zinagoma. Naona seva imezidiwa, nawaza niwaambie wanunue nyingine."

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza nachati na nani. Halafu kicheko kikakata, maana hiyo seva "nyingine" mimi niliwahi kuinunua, na kwa hela ya watu.

Mliomo kwenye kazi hii utamu wake mnaujua. Unachukua kompyuta chakavu, diski unazing'oa, mfumo mzima unakaa kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine. Mashine ikiwaka, kadi yake ya mtandao, kwa njia ya PXE (kuwaka kupitia mtandao), inaomba anwani kwa DHCP, huduma ya kugawa anwani, inaambiwa faili la kuanzia liko wapi, inalivuta kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha faili, na LTSP, programu ya kuendesha mashine zisizo na diski, inamalizia. Ukirekebisha sehemu moja, maabara yote imepona. Kwa shule zetu, ambako umeme ukikatika mara tatu kwa siku diski zinakufa kama dagaa juani, hii ni dawa.

Yangu ilikuwa ya mashine 24, shule moja upande wa Nyegezi, hapa Mwanza. Nilijaribia nyumbani Mabatini, sebuleni, mashine nne juu ya kochi na swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia waya, ya bei ya chini kabisa. Zikawaka zote, swadakta. Nikapiga simu kwa mkuu wa shule kifua mbele: mama, panga siku ya uzinduzi.

Pale shuleni walikuwa na swichi ya msaada, ile nzito ya kwenye raki, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikaipenda. Ile yangu ya sebuleni nikairudisha kwenye begi, nikaiona ya kitoto.

Siku ikafika. Wazazi wamekaa, soda zimepangwa, watoto wamechomekea. Mama mkuu akasema, "Haya fundi, washa." Nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe, kinasubiri, kinasubiri, halafu: PXE-E51. Mashine ya pili, PXE-E51. Zote 24. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akaanza kuisoma kwa sauti, herufi moja moja, kama anasoma ubao.

Nikasema umeme ni mdogo. Nilidanganya, na leo nakiri. Wiki iliyofuata nikasema seva haina nguvu, wakaniongezea hela, nikaongeza RAM (kumbukumbu), kisha nikaleta seva nyingine. PXE-E51 ikabaki palepale. Wakanishukuru, wakaita fundi mwingine, kijana niliyemfundisha mwenyewe kubana vichwa vya waya wa mtandao, vile vya RJ45. Hakuigusa seva. Aliingia kwenye ile swichi, akabadili mpangilio mmoja, akaondoka na sifa. Hata simu hakunipigia. Mpaka leo daladala ikipita pale nageukia upande wa pili.

Alichobadili ni hiki. Swichi kubwa kama ile ina ulinzi wa kuzuia mtandao usijizungushe, unaitwa spanning tree. Ukiwasha mashine, tundu lake halipitishi kitu kwanza: sekunde 15 linasikiliza, 15 nyingine linajifunza. Nusu dakika nzima. Kadi ya mtandao inaita DHCP, haijibiwi, inakata tamaa. E51 maana yake ndiyo hiyo: nimeita, hakuna aliyenijibu. Unaliambia tundu lenye kompyuta lisisubiri, basi. Swichi yangu ya kitoto haikuwa na ulinzi huo, ndiyo maana sebuleni kila kitu kiliwaka.

Jibu lilikuwa kiooni tangu soda hazijafunguliwa. Sikulisoma kwa sababu nilijiona nalijua.

Kazi iliyofuata ilikuwa Nansio, Ukerewe, mashine 18. Safari hii ziliwaka, ila ungeweza kunywa chai na kitumbua kabla ukurasa wa kwanza haujafunguka. Mkono ulishaanza kuwasha kuilaumu seva. Nikajizuia, nikaandika ethtool, amri ya kuonyesha kasi ya kadi, kwenye seva yenyewe: 100Mb/s. Kadi ni ya gigabiti (megabiti 1,000), swichi ni ya gigabiti, kati yao mia! Nikachomoa waya, nikainua kichwa chake dirishani. Ule uzi wa kahawia haukufika kwenye meno ya shaba, umeishia kabla kwa upana wa punje ya mtama. Kwa mia nyuzi nne zinatosha. Gigabiti inataka zote nane, na ikikosa, kadi nyingi zinashuka kimyakimya. Megabiti 100 ni kama megabaiti 12.5 kwa sekunde. Gawa kwa mashine 18 uone kila mtoto anapata nini. Na kile kichwa nilikibana mimi, kwa mikono hii. Nilikikata, nikabana kingine, kivuko cha jioni nikakiwahi.

Basi wadogo zangu, someni kioo. E51, hujajibiwa: tazama waya, swichi, halafu kama DHCP iko hai. E53, umepewa anwani lakini hukuambiwa faili: mara nyingi aliyekujibu siyo seva yako. E32, TFTP haiitiki: huduma imelala au ukuta wa moto (firewall) umefunga mlango wa 69. Na TFTP yenyewe kwa kawaida hubeba baiti 512 tu, inasubiri jibu, inabeba tena, kama mtu anayehamisha mchanga kwa kijiko. Vitu vizito vivute kwa HTTP, njia ileile ya tovuti, kupitia iPXE, ndugu wa PXE mwenye uwezo zaidi. Mengine ni hayohayo: soma kioo, pima waya, seva iwe ya mwisho. Mafundi wa Mwanza tunapenda kununua kuliko kusoma, na anayelipa ni mzazi aliyeuza mpunga. Tuache. Nasema kwa ukali kwa sababu nilikuwa kinara.

Yule wa Musoma nilimwambia anipigie picha mashine iliyogoma. Ikaja imetikisika, ila nikasoma: PXE-E53. Nikamuuliza, mchana kuna mtu anawasha ruta yake hapo shuleni, kaichomeka kwenye mtandao wako, nayo inagawa anwani?

Akakaa kimya kama robo saa. Kisha: "Kaka, iko chini ya meza ya mhasibu. Anasema ni ya kuangalizia mpira."