Je, nimemkataa Bwana nikiacha kambi ya kiroho kwa sababu ya mitihani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni binti wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Ushirika wetu wa wanafunzi umeandaa kambi ya mafunzo ya kiroho ya siku tano huko Kibaha, tatu kati yake za kufunga bila chakula wala maji, nayo itaisha siku mbili kabla ya mitihani ya kumaliza muhula. Nina vidonda vya tumbo, na mwaka jana nilirudia mtihani mmoja. Ada ya kambi naambiwa niitoe kwenye bumu, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu chuoni. Baba yangu anataka nibaki nisome. Nilipoomba udhuru, kiongozi alinijibu kwamba ampendaye baba au mama kuliko Yesu hamstahili, akanipa karatasi nitie sahihi kuwa ninamtanguliza Mungu kuliko masomo. Nisipokwenda, nitakuwa nimemkataa Bwana?

JIBU: Amina, binti yangu. Hutakuwa umemkataa. Ningeweza kuishia hapo, ila karatasi hiyo imeninyima raha.

Kambi za kiroho ni jambo jema, na wengi wetu tulimfahamu Kristo tukiwa kambini. Lakini katika Marko 6:31, Bwana aliwaambia wanafunzi waende faragha “mkapumzike kidogo”, kwa kuwa hawakuwa na nafasi hata ya kula. Eliya naye, kabla hajafika Horebu, malaika alimwamsha mara mbili ale mkate na kunywa maji.

Sasa andiko ulilotupiwa, Mathayo 10:37. Lisome kuanzia aya ya 32 uone kuwa Bwana anazungumzia kumkiri yeye mbele ya watu hata pale jamaa za nyumbani wanapogeuka kuwa adui. Je, baba yako amekukataza kumkiri Kristo? Amekuomba usome. Anayelinyoosha andiko hilo mpaka liwe amri ya kuhudhuria kambi iliyopangiwa tarehe na kamati ya wanafunzi amefanya kile kile ambacho Yesu alikikemea katika Marko 7:9-13, pale watu walipotaja neno Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakapata ruhusa ya kutowatendea lolote baba na mama zao. Bwana alisema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ni maneno makali, nami siyapunguzi.

Wengine humtaja Danieli kutetea mfungo kama huo. Vema, tumtaje. Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme, hawakukataa darasa la mfalme; walipangiwa miaka mitatu ya kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, na mwishoni wakaonekana bora mara kumi kuliko waganga wote wa ufalme. Na katika zile siku kumi za kujaribiwa waliomba mtama wa kula na maji ya kunywa. Wengine hukimbilia Esta, aliyefunga siku tatu bila kula wala kunywa. Esta alitangaza mfungo ule taifa lake zima la Wayahudi lilipokuwa limeandikiwa kuuawa, na hakuna mahali Maandiko yanapoufanya kuwa kipimo cha imani ya mwanafunzi. Paulo alipomwandikia Timotheo mwenye tumbo la kusumbua, alimshauri cha kunywa; hakumwambia kwamba tumbo lake limekosa imani.

Sisemi viongozi wako ni watu wabaya. Hata hivyo, baada ya yaliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni kumwendea Yesu, hakuna mwalimu wa dini mwenye haki ya kuchukulia kirahisi mfungo wa kulazimishwa kwa mgonjwa. Usifunge bila maji kabla daktari anayekutibu hajakuruhusu.

Kuhusu fedha, bumu ni mkopo wa chakula, malazi na vitabu, na Bodi ya Mikopo itaudai kwa kukata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Sadaka iwe ya hiari, katika kile ulicho nacho.

Karatasi usiitie sahihi. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na nadhiri iliyotungwa na mwingine ili akufunge nayo ni mbaya zaidi. Baki na nakala yake, uirudishe kwa heshima, faraghani, wala usiibishanie kwenye kundi la simu.

Nawe nikuulize kama baba: hizo siku tano utazitumia kusoma kweli, au zitaishia kwenye simu? Udhuru wako ni wa haki ukiutumia kwa haki. Usiuache ushirika kwa sababu hii. Viongozi wenu ni vijana kama wewe, na wao pia wana mitihani wiki hiyo hiyo. Mwendee mwenyekiti pamoja na wenzako wawili watatu, mwombeni kambi ihamishiwe wiki ya kwanza ya likizo na mfungo uwe wa hiari. Akikataa, mwoneni mchungaji mlezi wa ushirika, na mumpelekee nakala ya karatasi hiyo aisome mwenyewe.