Ukisafiri na kundi kwenda nchi ya joto, usifiche kwamba unaumwa

Nimeshasafiri na makundi mara nne kwenda nchi za joto, na safari zote nne begi la dawa nimebeba mimi. Watu wakiniuliza nini hasa kinawaangusha wasafiri wanategemea niseme mbu au maji, na ni kweli hivyo vipo na ntavieleza, lakini kwa niliyoyaona mimi kitu kinachofanya ugonjwa mdogo uwe mkubwa ni mtu kunyamaza. Mtu anaumwa, anaona wenzake wameshafunga mabegi, anajisemea moyoni ngoja nisiwacheleweshe.

Safari ya pili tulikuwa watu 14. Usiku wa siku ya tatu dada mmoja akaanza kuhara, hakumwambia mtu, hata aliyelala naye chumba kimoja hakujua. Asubuhi tulikuwa na basi la masaa sita hivi na yeye akaamua asinywe maji kabisa ili asije akasimamisha gari njiani. Yaani mtu anahara halafu hanywi maji, kwenye joto lile! Mimi nimekaa siti ya mbele nahesabu mabegi, sina habari. Tulipofika ndo nikamwona midomo imekauka mpaka imepasuka, nikamfinya ngozi ya nyuma ya kiganja ikabaki imesimama vile vile, hairudi. Nikamuuliza mara ya mwisho umekojoa saa ngapi, akaniangalia tu, hakumbuki.

Tulimkalisha kivulini tukamnywesha ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayehara, kijiko kimoja kimoja, maana akipiga funda kubwa anatapika yote, na mpaka jioni alikuwa anaongea vizuri na amekojoa. Tulibahatika. Ila kesho yake wakaugua wengine watatu, na ukifuatilia unakuta wote walikuwa wanachota vitafunwa kwenye mfuko mmoja uliokuwa unazunguka ndani ya basi, kila mtu anaingiza mkono wake. Angesema asubuhi, mfuko ule usingezunguka.

Kwa hiyo ORS beba za kutosha, sio pakiti mbili. Soma pakiti inataka maji kiasi gani (nyingi ni lita moja) na usikadirie kwa macho. Zikiisha, unatengeneza kwa lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo, chumvi usizidishe hata kidogo. Zile dawa za kufunga tumbo watu wanazipenda sana siku za basi, na kwa mtu mzima anayeharisha maji tu zinaweza kumsaidia afike, lakini ukiona damu kwenye choo au ana homa usimpe, huyo anaenda hospitali. Vilevile mtu anayetapika kila anachokunywa, au amelegea na mkojo hautoki, usisubiri kesho.

Na sabuni jamani. Kila mtu siku hizi ana kachupa ka sanitaiza kwenye mkoba na anajiona yuko salama, lakini virusi vya kuhara na kutapika vinavyopenda makundi, hasa norovirus, sanitaiza ya spiriti haiviwezi vizuri, ni maji na sabuni mpaka katikati ya vidole. Chakula kiwe kimepikwa na bado cha moto, tunda umenye mwenyewe, barafu kama hujui maji yake yametoka wapi achana nayo. Maji ukiyachemsha, yakishaanza kutokota yaache dakika moja, kwenye milima mirefu dakika tatu.

Sasa mbu. Kwenye kundi kuna tabia moja inanisumbua sana, watu kufananisha vidonge vya kuzuia malaria halafu wanaigana. Huyu anameza kila siku, yule mara moja kwa wiki, wa tatu anaona cha mwenzake kina urahisi anaomba. Hapana! Kila mtu aende kwa daktari wake wiki 4 mpaka 6 kabla ya safari apewe cha kwake, kwa sababu doxycycline hapewi mjamzito wala mtoto mdogo, mefloquine haimfai mwenye historia ya kifafa au ugonjwa wa akili, na siku za kuanza na kumaliza hazifanani. Atovaquone-proguanil unaanza siku moja au mbili kabla na unaendelea siku 7 baada ya kutoka eneo lenye malaria, doxycycline na mefloquine unaendelea wiki 4 nzima baada ya kutoka. Wiki 4 ukiwa umesharudi kwako, hapo ndo wengi wanaacha. Na anayemeza doxycycline ajue jua litamuunguza haraka kuliko wenzake, na ameze na maji mengi, asilale hapo hapo. Sisi tulifanya hivi, kila chakula cha jioni mtu mmoja anauliza kwa sauti "mmemeza?" na anasubiri majibu, wa wiki na wao wana siku yao. Mwanzoni watu waliona kama wanafanywa watoto, siku ya nne wakawa wanaulizana wenyewe.

Ila vidonge hivyo ni vya malaria tu. Mbu wa malaria anauma usiku, kuanzia jioni mpaka alfajiri, huyu wa homa ya dengi anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, na kidonge chako hakimhusu. Kwa hiyo dawa ya kufukuza mbu unapaka mchana pia. Losheni ya jua inatangulia, ikishakauka ndo unapaka ya mbu juu yake. Neti ichomekwe chini ya godoro pande zote, ikining'inia tu mbu anapita chini. Na mtu akipata homa huko usimpe aspirini wala ibuprofen kabla hajapimwa, kama ni dengi zinaweza kuleta kutoka damu, mpe parasetamo na mpeleke akapimwe.

Joto nalo linataka uvumilivu wa kiongozi. Mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kulizoea, lakini ratiba za makundi huwa zinajaza matembezi marefu siku ya kwanza na ya pili, watu wametoka kwenye ndege hawajalala. Mi sasa hivi siku mbili za kwanza nataka kazi nyepesi, na saa 6 mchana mpaka saa 9 tuko kivulini. Mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka na mwili unawaka, hiyo ni dharura, mvue nguo nzito, mmwagie maji, mpepee, na gari iitwe wakati mnaendelea kumpooza.

Chanjo msifanye za dakika ya mwisho. Mwenzetu mmoja alichanjwa homa ya manjano siku 6 kabla ya safari, akafika mpakani na cheti chake kizuri kabisa lakini kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchanjwa, tukakaa pale masaa mengi kundi zima tukimsubiri. Ukishachanjwa mara moja cheti ni cha maisha, tangu 2016 hakuna tena kurudia kila miaka 10 kama zamani.

Kuna na hili la kuigana tena. Mmoja akiruka ziwani wote wanaruka, hakuna aliyeuliza kama maji yale yana kichocho, na kichocho hakikwambii siku hiyo, dalili zinakuja wiki kadhaa baadaye. Mbwa au nyani akikuuma au kukukwaruza usione aibu, osha kwa maji na sabuni dakika 15 na siku hiyo hiyo uende ukachomwe sindano za kichaa cha mbwa.

Baada ya yule dada nilibadilisha mambo. Kabla ya kuondoka kila mtu anaandika karatasi yake, mzio, dawa anazotumia, bima, mtu wa kupigiwa simu, anaitia kwenye bahasha na kuifunga, nakaa nazo na sifungui mpaka kuwe na shida. Kila mtu ana mwenzake mmoja, asubuhi wanaulizana vitu vitatu tu, umelala, tumbo vipi, mkojo rangi gani. Na kwenye ratiba kuna siku moja tupu, haina kitu, nawaambia kabisa kwamba hii ni ya mgonjwa, hivyo anayeugua asijione ametuharibia, siku yake ilishawekwa.

Grupu la simu la safari nalo hatulifungi tukirudi. Safari ya mwisho, wiki tatu baada ya kurudi, mmoja wetu aliandika kwamba ana homa na mwili unauma, anafikiri ni mafua ya hali ya hewa. Yule aliyekuwa mwenzake wa asubuhi akamuuliza hapo hapo, vidonge ulimaliza? Akasema aliacha siku aliyotua. Tukampigia wote, nenda ukapime malaria leo, sio kesho, na umwambie daktari ulikuwa nchi gani. Alikwenda saa 2 usiku. Ilikuwa malaria, wakamlaza, na asubuhi akatutumia picha ya mkono wake una dripu, chini ameandika "nimekojoa".