Pumzi iliponiishia ngazini

Nyumba yetu hapa Mkomani, mjini Lamu, ni ya ghorofa, ya zamani, na ngazi zake za mawe zimesimama wima. Mwaka juzi, nikiwa na kilo 118, nilikuwa siwezi kuzimaliza bila kusimama katikati nikashika ukuta, natweta. Nikajiambia ni pumu, kwa kuwa marehemu mama alikuwa nayo. Nikanunua dawa ya kuvuta, nikaitumia miezi mitatu bila kupimwa. Haikusaidia kitu, na mtu asirudie kosa hilo.

Nilipopimwa kwa kile kifaa cha kupuliza, daktari alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Ukivuta pumzi, kiwambo, yaani ule msuli ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka ili mapafu yapate nafasi ya kutanuka. Mafuta yakijaa tumboni, kiwambo hakishuki vizuri. Mafuta ya kifuani nayo huzifanya mbavu ziwe nzito kuinuka. Basi mapafu yanaweza kuwa mazima kabisa, lakini yamebanwa, na sehemu zake za chini hazipati hewa ya kutosha. Ukilala chali huwa vibaya zaidi, kwani tumbo lote hukisukuma kiwambo juu. Ndiyo maana kitambi husumbua pumzi kuliko unene wa mapaja.

La usiku aliligundua mke wangu. "Baba Salma, unakoroma, kisha kimya. Nimehesabu hadi ishirini ndipo ukashtuka ukavuta pumzi." Mafuta ya shingoni hubana njia ya hewa pale koo linapolegea usingizini. Mimi nilijua tu kwamba naamka na kichwa kinauma, na kabla ya adhuhuri nasinzia barazani. Kwa nahodha wa boti ya Mokowe au mwenye bodaboda, usingizi huo unaweza kuua. Kina mama, mkisikia kukoroma kwa namna hiyo msinyamaze, tafadhali.

Nilianza kutembea hadi Shela baada ya swala ya alfajiri, kama kilomita tatu. Siku za mwanzo nilipumzika mara nne njiani. Mahamri nikayaacha yawe ya Ijumaa tu, chai nikainywa bila sukari, wali nikaupunguza, samaki nikaendelea kula. Nikajizoeza kulala ubavu. Ilinichukua miezi tisa kupunguza kilo 12, na hata kabla ya hapo, kwenye kilo ya sita au ya saba, ngazi zilikuwa zimeshakuwa nyepesi.

Lakini si kila kuhema ni unene. Moyo, upungufu wa damu na kifua kikuu pia hukata pumzi, kwa hiyo pimwa kwanza. Ukihema hali umekaa, kifua kikikubana au midomo ikibadilika rangi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na vidonge vya usingizi usivinywe kabla ya kumweleza daktari kwamba unakoroma, kwa sababu huzidi kulilegeza koo.