Iulize Kompyuta Yenyewe Kwa Nini Hailali

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja anayeendesha duka la kuchapa na kutoa kopi kule Sakina, Arusha. Baada ya kuniamkia, alieleza kwamba kompyuta yake ya mezani, ambayo ni ya miaka mingi, imeacha kulala, yaani kujizima nusu ikikaa bila kazi, tangu fundi alipoifuta na kuiwekea Windows upya, na kwamba fundi huyo huyo sasa anamshauri aiuze kama chuma chakavu na anunue nyingine, ambayo, kwa bahati njema, anayo dukani kwake. Aliniuliza kama aiuze. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, na nakiri kwamba mara ya pili nilikuwa nimekwisha kukasirika, kwa sababu maneno aliyoambiwa yeye Arusha ndiyo niliyoambiwa mimi hapa Moshi, karibu neno kwa neno, na mimi niliyalipia.

Duka langu liko kando ya barabara kuu iendayo Himo. Kompyuta ninayoitegemea niliinunua ya mtumba mwaka 2012. Ina prosesa ya Core 2 Duo na memori ya gigabaiti 4, na kwa mashine hiyo nimechapa barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi na ripoti za wanafunzi wa vyuo kiasi ambacho siwezi kukihesabu. Imenisomeshea watoto wawili. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa na tabia moja: ikikaa dakika 20 bila kuguswa, skrini huzima, feni hunyamaza, na taa ya mbele huanza kupepesa taratibu. Mwaka juzi ikaiacha tabia hiyo. Nikifunga duka saa 1 usiku naiacha inanguruma, nikifungua saa 2 asubuhi naikuta inanguruma.

Wapo watakaouliza kwa nini nisiizime tu. Swali hilo ni la haki, na kwa miezi kadhaa ndivyo nilivyofanya. Lakini diski yake ni ya zamani, na tangu kubonyeza kitufe hadi kuwa tayari kwa kazi inachukua karibu dakika 6. Mteja anayewahi basi hasubiri dakika 6. Anavuka barabara kwa jirani yangu, na akishavuka mara moja harudi. Kompyuta iliyolala huamka kwa sekunde chache na kila waraka uko pale ulipouacha. Wenye maduka kama langu wanajua thamani ya jambo hilo bila kuelezwa.

Kilichonigutusha hasa ni LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Uniti nilizozoea kuzinunua zilianza kwisha kabla ya wakati, nami nikamshuku kila mtu, pamoja na kinyozi ninayepakana naye ukuta. Mwishowe nilisoma mita nilipofunga duka, nikaisoma tena asubuhi kabla ya kuwasha chochote: uniti 0.97 zilikuwa zimekwenda usiku mmoja. Hesabu yake ni nyepesi. Mashine inayokula wati 75 kwa saa 13 hutumia karibu uniti moja, yaani kilowati moja kwa saa moja, na ukijumlisha Jumapili ambazo sifungui, kwa mwezi nilikuwa nachoma zaidi ya uniti 30 kwa ajili ya kompyuta isiyomhudumia mtu yeyote.

Niliibeba kwa fundi, mjini. Sitamtaja. Aliifungua mbele ya vijana wake, akacheka, akasema, "Mzee, hili ni kopo, lakini tutajaribu." Alibadilisha pawa saplai, kifaa kinachoigawia mashine umeme, kwa shilingi 45,000, akaiwekea Windows upya kwa shilingi 20,000, na katika kufanya hivyo akafuta folda niliyohifadhi violezo vya kadi vya miaka saba, ambayo nilikuwa nimemwonyesha kwa kidole na kumwomba asiiguse. Alipoirudisha haikulala. Aliniambia sasa ninunue nyingine. Nimejaribu kumsamehe kuhusu fedha, na nadhani nimefaulu; kuhusu violezo vile, na kile kicheko, bado naendelea kujaribu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda dukani peke yangu na simu yangu, nikasoma maelezo ya Microsoft yenyewe mpaka giza likaingia. Niliyoyapata siku ile ndiyo ushauri wangu wote: usiifungue mashine, usiifute, usinunue kitu, kabla hujaiuliza yenyewe ni nani anayeizuia kulala, kwa maana inajua na itakujibu. Unafungua dirisha jeusi la amri kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika powercfg /requests, unabonyeza Enter. Inakuletea orodha ya programu na vifaa vilivyoomba isilale. Pasipo na mwombaji panaandikwa None, yaani hakuna.

Yangu ilijibu kwamba kadi ya sauti inatumika. Nilishangaa, kwa sababu duka zima lilikuwa kimya. Mpwa wangu, ambaye hunisaidia siku za kazi, ana desturi ya kufungulia nyimbo za kwaya kwenye intaneti, na mteja akiingia hupunguza sauti hadi sifuri kwa heshima. Nilipomuuliza alijibu, "Lakini Mjomba, mimi huwa nazima." Alizima sauti, hakuzima nyimbo. Kwaya ile ilikuwa ikiimba usiku kucha ndani ya kompyuta yangu bila msikilizaji, nayo kompyuta, kwa adabu, haikutaka kulala ikiwa inaimbiwa.

Nikafunga nyimbo, nikauliza tena. Safari hii likatokea jina srvnet, ambalo ni draiva (programu inayoendesha kifaa au huduma ya kompyuta) inayohusika na kugawana mafaili kwenye mtandao. Kompyuta yetu ya pili, ile ya mpwa wangu, ilikuwa imeacha wazi faili lililohifadhiwa kwenye hii ya zamani. Tulilifunga, jina likatoweka. Ipo amri ya kuiambia Windows ipuuze ombi la namna hiyo, lakini siipendi, kwa sababu siku moja mashine italala mwenzake akiwa katikati ya kuhifadhi kazi.

Orodha yote ilipokuwa None, niliamuru ilale. Skrini ikazima, na feni ikaendelea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa na magonjwa mawili, na kwamba la pili lilitoka kwa fundi.

Kuna amri nyingine, powercfg /a, inayoonyesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza. Aina hizo zimepangwa katika utaratibu uitwao ACPI, uliotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Katika ile ya S1 prosesa husimama tu, huku feni na vifaa vingine vikiendelea kupata umeme. Ni sawa na mlinzi aliyefumba macho akiwa amesimama. Katika S3 karibu kila kitu huzimwa isipokuwa memori, na huo ndio usingizi wenyewe. Yangu ilisema inaweza S1 pekee, na kwamba S3 haikubaliwi na programu ya mazabodi, ile bodi kuu inayobeba sehemu zote. Lakini mazabodi ni ile ile iliyolala vizuri kwa miaka zaidi ya kumi! Jambo gani lilikuwa limebadilika?

Jibu lilikuwa kwenye saa. Tangu itoke kwa fundi, kila umeme ulipokatika kompyuta ilirudi na tarehe ya miaka ya nyuma kabisa, nami nilikuwa nikiirekebisha bila kufikiri. Kwenye mazabodi kuna betri ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS (ndiyo ile programu ya mazabodi) mashine inapokuwa haina umeme. Yangu ilikuwa imechoka. Kwa kuwa mashine ilikaa imechomekwa ukutani miaka yote, uchovu wa betri haukuonekana. Fundi alipoitenganisha na umeme ili abadilishe pawa saplai ambayo haikuwa na kosa, mipangilio yote ikasahaulika na kurudi ya kiwandani, ambayo kwa mazabodi yangu ni S1. Betri niliipata kwa fundi saa kwa shilingi 2,000. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, nikaibadilisha, kisha nikaingia kwenye BIOS kwa kitufe cha Delete (mashine nyingine hutumia F2), na mahali palipoandikwa ACPI Suspend Type nikatoa S1 nikaweka S3. Taa ya mbele ilianza kupepesa, na sioni haya kusema kwamba nilikaa nikiitazama.

Palibaki kero ndogo ya malori. Yakipita barabarani meza hutikisika, kipanya husogea, na mashine huamka. Amri ya powercfg /lastwake ilikitaja kipanya, nami nikakiondolea ruhusa ya kuamsha kwenye orodha ya vifaa. Sasa inaamshwa na kibodi tu. Tena, kwa sisi tunaokatikiwa umeme jioni, hakikisheni usingizi mseto umewashwa, ule unaoandika nakala ya memori kwenye diski kabla ya kulala, kwa sababu S3 peke yake hupoteza kila kitu umeme unapokatika. Usiku uliofuata mita ilishuka kwa uniti 0.05.

Ndugu zangu tunaohangaika kukuza maduka haya, naomba niseme wazi hata kama nitawaudhi mafundi. Tunawajua wateja wetu kwa majina, tunajua bei ya rimu ya karatasi katika kila duka la jumla, lakini chombo kinachotulisha hatukijui, na mtu akikiita kopo tunainamisha kichwa na kutoa pochi. Mnapopeleka mashine kwa fundi, nendeni na jibu la powercfg /requests na la powercfg /a mmelipiga picha kwenye simu. Fundi mwema atafurahi kwa kuwa umempunguzia kazi, naye asiyefaa atanuna, na hapo utakuwa umemjua kabla hajashika bisibisi. Ningejua hivyo mapema, violezo vyangu vingekuwepo.

Nikirudi kwa msomaji wangu wa Sakina, nilimwomba picha ya jibu la powercfg /a kabla ya ushauri wowote. Kwake hata neno Sleep lilikuwa limetoweka kwenye menyu, na jibu lilionyesha kwamba usingizi umezuiwa na upande wa picha: fundi aliweka Windows bila draiva ya kadi ya picha, na Windows ikitumia ile draiva yake ya msingi hairuhusu mashine kulala. Alipakua draiva sahihi bila malipo kutoka kwa watengenezaji wa kadi. Juzi jioni aliniandikia kwamba neno limerudi na mashine inalala, ila imeamka yenyewe saa 8 usiku, naye akaogopa. Nimemjibu kwamba hiyo ndiyo saa ambayo Windows imejipangia kufanya matengenezo yake, na kwamba aingie kwenye mipangilio hiyo aondoe alama kwenye kisanduku kinachoiruhusu kuamsha kompyuta.